Kichwa cha Larissa Kilipagawisha Kompyuta Yetu

Jamani, nishawahi kuona kwenye kompyuta kichwa cha mtu kinabamizwa vibaya, kumbe mwenyewe yuko zake anakula.

Hapa mjini Saskatoon, kwenye baridi kali, nafanya utafiti wa kuzuia majeraha kwenye hoki ya barafuni. Wachezaji wa timu moja ya wanawake tuliwapa kinga za meno zenye kidude cha kupima kichwa kikigongwa. Kidude hakiwaki mpaka kiwe mdomoni.

Jumapili mchana, kompyuta ikaanza kupiga kelele. Larissa Hnatiuk, nahodha! Anagongwa, anatikiswa, anagongwa tena.

Nikampigia. Hapokei.

Bosi wangu, Profesa Thorvaldson, akatupa mkate wake. "Huyu kama hajavamiwa, kagongwa na treni. Twende!"

Tukaendesha kwenye theluji kama wendawazimu.

Mama yake akafungua mlango, mikono imejaa unga.

"Mama, Larissa yuko wapi?"

"Si huyo anakula? Karibuni, pirogi zimeiva."

Larissa katulia mezani, mashavu yamevimba kwa hizo pirogi, viandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani. Chini ya meza, mbwa wao, mkubwa kama ndama, anatafuna kitu, anakitikisa kulia kushoto, anakipigiza sakafuni.

Kinga yetu!

Profesa alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kidude kinataka mdomo tu. Wa nani, hakijali.

"Kaipata lini?" akauliza, akifuta machozi.

"Ijumaa, akaificha mpaka leo. Nikaona aibu kuwaambia. Mechi ya jana nikavaa ya zamani."

"Si ndiyo hiyo uliyobamizwa kwenye ukuta wa uwanja," mama akadakia, "ukarudi umevaa viatu vya mwenzio?"

Larissa akamkata jicho. Kachelewa.

Profesa hakucheka tena. "Nitajie miezi, kuanzia Desemba kurudi nyuma."

"Desemba, Novemba... Oktoba... Agosti... Ah, Profesa! Hata mzima hawezi!"

Hospitali ikathibitisha: ubongo umetikisika. Fainali hachezi.

"Kocha atanichinja!" akalia.

"Akuchinje wapi?" mama akamjibu. "Hicho kichwa nimekizaa mimi."

Fainali tulipigwa sita bila. Larissa alikaa jukwaani na miwani ya jua, taa zinamuumiza, ananitukana mpaka filimbi ya mwisho.

Msimu uliofuata alirudi barafuni mzima. Siku hizi ananiita shemeji kwa utani, eti nimezoea chakula cha kwao.

Ndugu zangu, rekodi yetu ya mechi ile ya Jumamosi ilionyesha Larissa hakuguswa kabisa. Mashine inajua yaliyoipata mashine. Ukitaka kujua yaliyompata mtu, waulize wanaokula naye.