Risasi ambayo fundi bunduki hakuihesabu

Saa moja asubuhi, Fundi anaweka mgongo wa kiganja kwenye mtutu wa bunduki, taratibu, kama mama anayepima homa ya mtoto aliyelala. Anautoa mkono na kutikisa kichwa. Mtutu bado una joto.

Anarudi kwenye benchi la mbao, anakaa na kufungua chupa ya chai. Mita mia moja mbele yake kuna tuta la udongo, na mbele ya tuta kuna ubao uliobandikwa karatasi yenye duara jeusi. Karatasi ina matundu matatu yaliyosongamana. Kifuniko cha ile chupa ya chai kingeyafunika yote.

"Watu wanadhani kazi yangu ni kufyatua," anasema huku akimimina. "Kufyatua ni kupepesa jicho tu. Kazi yangu ni kungoja chuma kipoe."

Mwanamke huyu ni fundi bunduki wa kikosi cha askari wa wanyamapori, wale wanaoitwa mnyama anapovamia mashamba ya watu. Kazini kila mtu humwita Fundi, kuanzia mpishi hadi mkuu wa kikosi. Nyumbani ana watoto wawili na cherehani za majirani zinazosubiri matengenezo, kwa sababu mshahara wake, kwa maneno yake mwenyewe, "unaingia ukiwa umeshachoka."

Karakana yake ni chumba kimoja chenye dirisha la nondo. Meza ina gozi lililopigwa misumari pembeni ili skrubu zisidondoke. Kuna harufu ya mafuta mepesi ya mashine, matambara yaliyokatwa vipande vya kulingana, na kiti kimoja tu. Mgeni husimama.

Bunduki anazozitunza ni za komeo. Kila ukipiga risasi moja, lazima uinue komeo kwa mkono, ulivute nyuma ganda litoke, kisha ulisukume mbele ili risasi nyingine iingie. Kwa hiyo hazina pupa, na anayezibeba hatakiwi kuwa nayo.

Kikosi kina aina mbili. Ya kwanza ililetwa mwaka juzi. Kitako chake ni cha mbao inayong'aa na komeo lake linateleza kama droo ya kabati jipya. Askari waliiona wakaiita Bibi Harusi. Ya pili ni ya siku nyingi, rangi imebanduka, komeo linacheza ukilishika, na darubini yake imekwaruzwa ubavuni. Hiyo wanaiita Jembe.

Mkuu wa kikosi alikuwa amemwagiza Fundi azilinganishe: ipi inalenga vizuri zaidi, ipi inahimili shida za porini, ipi ibaki mikononi mwa askari wa doria. Jibu lilitakiwa wiki hii. Alikuwepo mtu mmoja aliyelingoja kwa roho mkononi, na mtu huyo ni shemeji yake Fundi.

Anaitwa Ndefu, na ukimwona huulizi kwa nini. Amemwoa dada mkubwa wa Fundi. Hadi miezi michache iliyopita alikuwa mpiga shabaha tegemeo wa kikosi. Leo kazi yake ni kufungua na kufunga geti, kuandika namba za magari na kusalimiana na wauza maziwa.

"Shemeji, unambeba huyo Bibi Harusi kama kichanga," alimwambia Fundi asubuhi hii alipopita getini na bunduki ndani ya ala yake. "Mimi nikija kwako hata mto wa kuegemea sipewi."

"Wewe hushiki kutu," Fundi alimjibu bila kusimama.

Utani huo ni wa kila siku. Kilichomweka Ndefu getini hakina utani.

Nyati mmoja mwenye jeraha la mtego alikuwa amejeruhi watu wawili mashambani. Doria ikamkuta mahali peupe, amesimama ubavu, umbali kama ule wa kutoka benchi la Fundi hadi kwenye ubao. Ndefu alikuwa na Bibi Harusi. Alipiga magoti, akalenga, akafyatua. Risasi ilimpata nyati nyuma ya mahali ilipotakiwa. Mnyama hakuanguka. Alikuja moja kwa moja, akamkanyaga askari mwenzake Ndefu na kumvunja mguu, kabla ya risasi ya pili kumlaza.

Walipompima nyati, tundu la kwanza lilikuwa limepita pale palipokusudiwa kwa upana wa kiganja kimoja na vidole vitatu. Hapo ndipo maneno yakaanza. Wengine walisema macho ya Ndefu yamechoka. Wengine walisema amekuwa mwoga. Mwenzake aliyevunjika mguu hakusema kitu, na Ndefu anasema huo ukimya ndio uliomuumiza zaidi.

Mkuu wa kikosi alimtoa doria mpaka ijulikane kama kosa lilikuwa la mtu au la bunduki.

Fundi alianza kazi yake kama alivyofundishwa na baba yake mdogo, aliyekuwa fundi katika karakana hii hii kabla yake. Alizipiga bunduki zote mbili zikiwa safi, zikiwa na vumbi na zikiwa na tope. Alimwaga mchanga kwenye komeo la Bibi Harusi akalivuta: likakwama nusu ya njia, na ikabidi aligonge kwa kipini cha nyundo. Akamfanyia Jembe vilevile. Komeo likalia kama meno yanayosaga changarawe, lakini likaenda na kurudi.

Kwa shabaha, mambo yaligeuka. Matundu ya Bibi Harusi yalikaa pamoja siku zote. Ya Jembe yalitawanyika kwa upana wa sahani ya chai. Kwa kipimo hicho bunduki mpya haikuwa na doa, na Ndefu alikuwa amekwisha.

"Niliandika matokeo ya shabaha nikayaacha mezani," Fundi anasema. "Sikuwa na raha, lakini karatasi ilikuwa inasema hivyo."

Karatasi, hata hivyo, haikuwa inasema yote. Katika karakana hii kuna desturi ambayo hakuna aliyewahi kuiuliza. Bunduki ikishasafishwa, hupakwa mafuta ndani ya mtutu ili isishike kutu. Asubuhi yake, kabla ya kupima, hupigwa risasi moja kwenye tuta la udongo, pembeni ya ubao. Wanaiita risasi ya kuamshia. Haina shabaha na haihesabiwi. Baba mdogo alikuwa akisema bunduki iliyolala na mafuta huamka na usingizi. Ipe risasi moja inawe uso, ndipo uanze kazi.

Fundi aliifuata desturi hiyo miaka yote. Kisha asubuhi moja mvua ilikuwa inanyesha, na tuta lilikuwa limeanza kumomonyoka upande ule wanakoamshia bunduki. Hakutaka kulichimbua zaidi. Akaipiga risasi ya kuamshia ya Bibi Harusi kwenye karatasi yenyewe, katikati ya duara, kisha akaendelea na zilizohesabiwa.

Alipokwenda kutazama, matundu yalikuwa pamoja kama kawaida, isipokuwa moja. Lilikuwa peke yake kulia, mbali na wenzake kwa upana wa kiganja. Akadhani kiwiko chake kiliteleza kwenye benchi lenye maji. Kesho yake akairudia, benchi likiwa kavu. Tundu la kwanza likakaa kulia vilevile, palepale.

"Hapo chai ilinishinda," anasema.

Akamleta Jembe, naye akiwa amelala na mafuta. Risasi ya kwanza ikaingia ndani ya ile sahani yake ya siku zote. Ya mwisho pia. Jembe hana usingizi, au kama anao, hauonekani.

Tatizo, Fundi anaeleza, ni mafuta yanayobaki ndani ya mtutu. Bunduki ya zamani, yenye mtutu uliolika, haijali sana. Ile mpya imebana, na utando mwembamba wa mafuta unatosha kuisukuma risasi ya kwanza pembeni. Risasi hiyo ikishapita, mtutu unakuwa mkavu na kila kitu kinakaa sawa.

"Sisi tulikuwa tunapima kuanzia risasi ya pili," anasema. "Nyati hakupi ya kuamshia."

Jambo lililomuuma lilikuwa jingine. Amri ya kupaka mafuta kila jioni ilitoka karakana. Askari wengi huitii siku ya ukaguzi tu. Ndefu alikuwa akiitii kila siku ya Mungu, akikaa kibarazani kwake na fimbo ya kusafishia na tambara, mkewe akimlalamikia kwamba bunduki inaoga kuliko watoto. Wavivu walikwenda porini na mitutu mikavu, yeye akaenda na uliolowa.

Fundi alimpigia simu baba yake mdogo, ambaye siku hizi amestaafu. Akamsimulia yote.  Mzee akauliza tu kama watoto hawajambo, akasema mvua huko imezidi, akaaga.

Jioni hiyo Fundi alikwenda kwa dada yake. Dada mtu aliposikia habari ya kiganja, alipiga makofi kwa furaha na kuanza kutandika meza. Lakini Fundi alikuwa hajamaliza. Nyati alikutwa na kiganja kimoja na vidole vitatu. Kiganja kilikuwa cha bunduki. Vidole vitatu hakuwa na pa kuvipeleka. Alikuwa amerudia na kurudia kupiga, na Bibi Harusi hakuwahi kwenda mbali zaidi ya kiganja.

Dada yake alimwambia aviache hivyo vidole. Nani angevipima tena? Nyati ameshaoza. Aandike ni bunduki, mtu arudi kazini kwake, maisha yaendelee. Fundi alisema hawezi kuandika ambacho hakukiona kwenye karatasi, kwani askari mwingine atakayeibeba ile bunduki ataiamini hiyo karatasi.

"Wewe ni ndugu yangu au ndugu wa chuma?" dada yake alimuuliza.

 Aliyemjibu ni Ndefu, aliyekuwa ameketi muda wote akimenya chungwa.

"Hivyo vidole vitatu ni vyangu," alisema. "Nyati aligeuza kichwa akanitazama. Nikavuta kifyatulio kwa pupa. Najua tangu siku ile."

Akagawa chungwa, kipande kwa mkewe, kipande kwa shemeji. Fundi anasema alikula, ingawa lilikuwa chachu. Dada yake alikiacha chake mezani, akaenda kulala bila kuaga.

Ripoti ilikwenda kwa mkuu wa kikosi ikiwa na yote mawili, kiganja na vidole. Ilisema pia kwamba Bibi Harusi inafaa mahali peupe na pakavu, tena mtutu ukiwa umepanguswa kwa tambara kavu, na kwamba kwa askari anayetembea kwenye tope na kichaka, Jembe ndiyo ya kubaki. Inatawanya, ila haidanganyi, wala haikwami.

Mkuu wa kikosi aliisoma na kuyakubali yaliyoandikwa kuhusu bunduki. Kuhusu mtu, alisema hawezi kuamua kwa kusoma. Akaamuru Ndefu apigishwe risasi moja, asubuhi, kwa bunduki iliyolala usiku kucha, bila kuiamsha. Ikiingia katikati ya ubao, ndani ya upana wa sahani ya chai, anarudi doria. Ikitoka, atabaki alipo.

 Ile risasi ya Ndefu ilipigwa jana, na leo Fundi yuko peke yake na vipimo vya kila siku. Anaisimulia jana bila kupandisha sauti.

Ndefu aliruhusiwa kuchagua bunduki. Akachagua Jembe, ile aliyokuwa akiicheka kwamba hata kuni haifai kupasulia. Alipiga magoti kama siku ile. Wenzake walisimama nyuma, na yule wa mguu alikuwepo, na magongo yake. Ndefu alilenga, akashusha bunduki, akajifuta jasho la mkono kwenye suruali, akalenga tena. Mmoja nyuma akanong'ona kwamba huyu atatuweka hapa mpaka chakula cha mchana. Kisha mlio ukasikika.

Fundi ndiye aliyekwenda kutazama. Tundu lilikuwa chini, karibu na ukingo, lakini ndani. Aliweka kipimo cha upana wa sahani, akakitoa, akakiweka tena, kwa sababu alijua watu wangesema shemeji kampendelea. Akamwita yule wa magongo aje apime mwenyewe. Kijana alijikongoja mita zote mia moja, akainama, akatazama kwa muda.

"Ndani," alisema. "Ila kwa kubembeleza."

Ndefu anarudi doria Jumatatu, na Jembe begani. Dada mtu ameanza kumsalimia Fundi, kwa kifupi, kupitia watoto.

Fundi anagusa tena mtutu kwa mgongo wa kiganja. Safari hii umepoa. Anasema mwezi ujao, mkuu wa kikosi akimpa gari, anataka kuzunguka vituo vyote vya doria, kimoja baada ya kingine, na kuwapima askari wote upya. Hatakwenda na mafuta. Atakwenda na gunia la matambara makavu.

"Nitawaambia kila mtu alete bunduki yake kama ilivyolala," anasema, akiinua komeo. "Nitampa risasi moja. Ya pili nitamnyima."