Matairi Mapya ya Baba Mkwe

Ukimpelekea Gerson tairi, hakuulizi kwanza unataka nini. Analipindua, analipapasa kwa kiganja, anasoma zile tarakimu nne za pembeni zinazoonyesha lilitengenezwa wiki gani ya mwaka gani, halafu anakwambia ukweli wake hata kama hukuja kuutafuta. "Hili kashata linazo, meno yake bado marefu, lakini mpira umeshakauka. Siku ya mvua litakuangusha."

Mimi nauza oili na filta katika fremu ya pili, hapa Maisaka, ukuta kwa ukuta na banda lake, mwaka wa tisa huu. Nimemshuhudia akimkatalia mkubwa mmoja wa ofisi aliyetaka kufungiwa tairi jipya kulia na kipara kushoto. Mkubwa alifoka mpaka miwani ikamteleza puani. Gerson alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Bosi, mafundi wako wengi. Mimi hilo sifungi." Mkubwa akanywea. Siku hiyo nilimnunulia soda.

Sasa mtu mwenye ulimi huo, alikuwapo binadamu mmoja tu wa kumfanya ameze maneno: baba mkwe wake, Mzee Pantaleo wa Nangara. Mzee aliteremka kutoka Mbulu akiwa kijana, akalima mahindi na maharage, na sifa yake kubwa ilikuwa kufundisha maksai. Watu walimletea ndama wakorofi kutoka hadi Dareda, na baada ya miezi michache wakarudishiwa wanyama wa kulima mstari ulionyooka. Uzeeni amenunua Noah, anaiendesha mwenyewe, kofia kichwani, polepole. Ni mzee mwema. Ubaya wake ni kwamba hajawahi kukosea, au hajawahi kuambiwa.

Alhamisi moja ya Aprili, masika yamekolea, aliegesha mbele ya banda akiwa na matairi mawili mapya kutoka Arusha, karatasi zake bado zimebandikwa.

"Shikamoo, baba," alisema Gerson.

"Marahaba, mwanangu. Nifungie hizi mbele. Jumamosi tunapanda Dongobesh, kuna kipaimara cha mjukuu wa dada yangu. Mimi na mama yenu tunakwenda na Benadetha na mtoto."

Benadetha ndiye mke wa Gerson, na mtoto ni Vailet wao wa miaka sita. Niliona Gerson akizunguka nyuma ya gari. Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye matairi ya nyuma. Kashata zilikuwa zimebaki jina. Akasimama, akajifuta mikono ambayo haikuwa na kitu cha kufuta.

"Baba, na kama hizi mpya tungezipeleka nyuma?"

Mzee alicheka, tena kwa upole. "Mwanangu, mimi nimefundisha maksai miaka arobaini. Jozi yenye nguvu inatangulia. Ukitanguliza dhaifu, jembe linakwenda upande. Usukani uko wapi? Si mbele?"

"Ni kweli, baba. Lakini..."

"Lakini nini?"

Gerson akainama kuchukua jeki. Mkwe habishani na baba wa mkewe barabarani, watu wanatazama. Huko nyumbani angehesabiwa kuwa amemdharau Benadetha na ukoo wake mzima. Na mimi, Edda, mama yake Marcelino, ambaye sikuwa mkwe wa mtu yeyote pale, ambaye ningeweza kufungua kinywa na isinichukue hata nusu dakika, nilifanya nini? Nilicheka. Nikasema, "Hapo mzee umemaliza!" Hoja ya maksai ilinipendeza. Najichukia kwa kicheko kile.

Gerson alifunga matairi mbele. Mzee alipoondoka, alikuja akakaa kwenye kreti langu la soda.

"Ile gari mbele sasa itashika barabara, nyuma haitashika," alisema. "Kupanda watapanda vizuri. Shida ni kushuka. Kwenye kona yenye tope mzee atagusa breki, mbele itatulia, nyuma itateleza itake kuipita mbele. Gari linageuka lenyewe. Hapo usukani ni pambo tu. Ingekuwa mbele ndiyo inateleza, angeisikia mapema akapunguza mwendo. Nyuma haipigi hodi."

Kicheko changu kikanikauka. "Si umwambie?"

"Mama Marcelino, sikio halipiti kichwa."

"Basi mtume mshenga wako. Kazi yake si ndiyo hiyo, kusema na wakwe yale usiyoweza kusema?"

Wazo likamwingia. Akampigia simu Clemence, aliyemposea Benadetha, naye anaishi Bonga. Aliweka sauti ya nje, nikasikia kila kitu. Clemence alisikiliza, kisha akaangua kicheko. "Yaani nivae koti, niende kwa Mzee Pantaleo, nimwambie nimeletwa na habari ya tairi? Mshenga anatumwa kwa posa na kwa ugomvi, Gerson. Acha utani." Akakata. Gerson aliendelea kuitazama simu kama vile ingejirudi yenyewe.

Ijumaa alijaribu njia nyingine. Alichagua matairi mawili ya mtumba, mazuri, ya umri mdogo, kashata zimejaa, akayafunga nyuma ya pikipiki yake na kwenda nayo Nangara. Alirudi nayo. Mama mkwe, Mama Genoveva, alimkaribisha chai na viazi vitamu. Mzee akayatazama matairi, akauliza, "Mwanangu, umeniletea viatu vilivyovuliwa na mtu mwingine?" Watu wote sebuleni wakacheka, na Gerson naye ikambidi acheke. Alinisimulia huku anayarudisha ukutani moja moja. Nikaona mtu mzima, fundi wa kutegemewa, amebaki hana hata mlango mmoja wa kupitia. Nilidhani amebaki na mmoja. Nilidhani usiku ule atamwambia mkewe.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Noah ilipita hapa bandani kuwachukua Benadetha na Vailet. Gerson aliomba apime upepo. Alipima matairi yote manne, akarudia, akapunguza kidogo, akaongeza tena. Ni kitu pekee alichoruhusiwa kugusa. Vailet alikuwa amevaa gauni jeupe, akampungia baba yake mkono. Mvua ilianza walipokwisha ondoka.

Kupanda walipanda vizuri. Mzee alipiga simu kutoka Dongobesh kumsifu mkwewe: zimeshika mlima kama kucha. Gerson alisema asante baba, na kutwa nzima hakuuza kitu. Mteja akiuliza bei alijibu bei ya kitu kingine.

Simu ya pili ililia saa kumi jioni. Wakati wa kushuka, kwenye kona, mzee aligusa breki. Nyuma ikaja mbele. Gari lilizunguka, likagonga ukingo upande wa mlimani, likalala ubavu kwenye mtaro. Lingezungukia upande wa pili, wa korongoni, nisingekuwa naandika habari hizi kwa namna hii. Vailet alipasuka paji la uso. Mzee na mkewe walitoka na michubuko. Benadetha alivunjika mguu wa kushoto, juu na chini ya goti. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa guu lilimvunjika aliyesikia.

Wiki ya tano baada ya ajali mzee alitoa shukrani kanisani. Alisimama mbele, kofia mikononi, machozi yanamtoka kweli, akasema Mungu alimwongoza kuweka matairi mapya mbele, na kama yasingekuwa mbele, familia yote ingekwisha. Akamwita Gerson asimame, maana mikono yake ndiyo iliyoyafunga. Watu wakapiga makofi. Gerson alisimama. "Amina," alisema, akakaa. Nilikuwa benchi la nyuma yake, shingo yake naiona, nikatamani kulia kwa hasira.

Labda hasira ile ndiyo iliyoniponza. Jumanne nilikwenda kumjulia hali Benadetha, nikiwa na chupa ya maziwa ya mgando. Alikuwa amekaa kitandani, mguu kwenye plasta, Vailet anacheza uani. Daktari alimwambia goti lile halitakunja tena kama zamani. Tukaongea habari za kanisani, akatabasamu kwa uchovu.

"Baba na tairi zake za mbele," alisema. "Atazisifu mpaka aingie kaburini."

Nami nikaropoka, nikidhani namfariji. "Wala usijali, mama. Mumeo alijua tangu mwanzo zilitakiwa zikae nyuma."

Tabasamu likaondoka. "Alijua lini?"

"Siku ile ile. Alhamisi." Nikaanza kusikia uzito wa maneno yangu, lakini yalikuwa yameshatoka. "Alijaribu kumwambia mzee. Akampigia Clemence. Ijumaa akapeleka zile za mtumba..."

"Na wewe akakwambia."

"Ndiyo."

"Akakueleza kwamba gari litageuka."

Benadetha aliitazama plasta yake muda mrefu.

"Usiku wa Ijumaa alikuwa anageuka geuka kitandani," alisema. "Nikamwuliza, Baba Vailet, mbona hulali, kuna nini? Akasema ni mbu." Akavuta pumzi. "Nikaamka na mtoto wangu, nikamvika gauni, tukapanda gari."

Nilitaka kumwambia kwamba mwanamume yule hakukosa upendo, kwamba aliogopa kumsema vibaya Mzee Pantaleo mbele ya binti yake, kwamba heshima ilimkaba koo. Yote ni kweli na hakuna hata moja lililofaa kusemwa mbele ya mguu ule. Nje pikipiki ya Gerson ikaingia uani, Vailet akaikimbilia. Nikanyanyuka niondoke.

Benadetha akanishika kitenge. "Kaa hapo hapo," alisema. "Leo atasema ukiwepo, maana tukiwa wawili hawezi."