Bosi wa Wifi Yake

Watu walimwita Mama Thubutu, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Alikuwa ameanzisha kikundi cha kuwainua wanawake katika vyumba viwili vya kupanga, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Chumba kimoja kilikuwa na cherehani, kingine viti vya plastiki na ubao. Kwenye hivyo viti ndiko alikofundisha wanawake kudai haki yao na kusema hapana bila kuinamisha macho. Alifundisha vizuri. Mwanamke aliyeingia akinong'ona, baada ya miezi michache alikuwa anabishana na mwenye nyumba wake hadi bomba linatengenezwa.

Lakini kwenye chumba cha cherehani kulikuwa na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, na mbele ya wifi huyo Mama Thubutu alithubutu kidogo sana.

Alimwajiri mwenyewe, baada ya mwalimu wa kwanza wa ushonaji kuolewa na kuhama. Na kusema kweli wifi alikuwa fundi. Kola aliyoishona yeye ilikaa shingoni utadhani mtu amezaliwa nayo. Tabu ni kwamba alifika jua limeshapanda, akaikalia cherehani ya umeme, nzuri kuliko zote, akashona mapazia ya wateja wake huku wanafunzi wakigombea zilizobaki. Wafadhili wakija kutembelea, alimtambulisha Mama Thubutu, mkurugenzi mwenyewe, hivi: "Huyu ni mke wa mdogo wangu. Anajitahidi."

Mama Thubutu alijaribu. Siku moja alimwendea kabisa, maneno ameyapanga, akafika mlangoni akajikuta anasema, "Wifi, nikuletee chai?"

Jumatano moja somo likawa jinsi ya kumwambia mtu ukweli bila kumvunjia heshima. Msusi mmoja, mwanafunzi ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akanyoosha mkono.

"Mama, na kama mtu mwenyewe ni ndugu wa mume?"

Darasa zima likaanza kutazama sakafu.

"Huo ni mfano mgumu," alisema Mama Thubutu.

"Ndiyo maana nauliza."

Ikabidi waigize, maana ndivyo alivyowazoesha. Msusi akajifanya wifi: akavuta kiti, akakunja nne, akatandaza mtandio wa mwenzake magotini kama pazia. "Mumeo huyo nimembeba mgongoni," akasema kwa sauti nzito. "Haya, unasemaje?"

Wanawake waliangua kicheko. Kilipotulia, ndipo walipogundua kwamba cherehani ya chumba cha pili nayo imenyamaza.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Mimi sikunji nne," alisema. "Magoti yananiuma. Hebu ondoka hapo."

Akakikalia kiti mwenyewe, akajiweka sawa.

"Haya, mke wa mdogo wangu. Niambie huo ukweli."

Mama Thubutu alitamani sakafu ipasuke aangukie kwenye mifuko ya saruji huko chini. Lakini macho yote yalikuwa kwake. Akasema. Alisema kuhusu kuchelewa, alisema kuhusu mapazia, alisema kuhusu ule utambulisho mbele ya wageni. Chaki ilivunjika mkononi, akaendelea.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, wifi."

"Sasa mbona siku zote unaniletea chai? Mimi nikajua umeridhika." Wifi alinyoosha sketi yake. "Na mimi nina langu. Ufunguo wa hapa anao nani?"

"Mimi."

"Peke yako. Na asubuhi uko kwenye mikutano. Nije mapema nikae kwenye ngazi napishana na wabeba saruji? Nilikaa, nikachoka. Halafu ukija, unapita nyuma yangu unawaelekeza wanafunzi namna ya kushika kitambaa, na wewe hata kifungo hujui kukaza."

La kifungo lilikuwa kweli. Mashati ya mumewe yangetoa ushahidi. Mama Thubutu alifungua mdomo ajitetee, akaona wanafunzi wanamtazama kama watu waliokuja kumsimamia mwalimu mtihani. Akaufunga.

"La ngazi sikulijua," alisema. "Ilinipasa kukuuliza."

Wiki ileile alichongesha ufunguo wa pili. Wifi akaanza kufika kabla ya watu wote, akaigeuza meza ya mkurugenzi kuwa ya kukatia vitambaa. Mapazia yalipungua, hayakuisha. Wakazungumza tena, safari hii bila darasa. Wifi akanuna siku nzima, kisha akayahamishia mapazia yote nyumbani kwake.

Siku hizi, kila Jumatano, wifi huacha kazi na kuketi kiti cha nyuma kabisa. Anasema ana jambo la miaka mingi la kumwambia mume wake, kuhusu kukoroma, na anataka kulisema kwa heshima. Bado hajalisema. Mama Thubutu hamharakishi.