Ngege Ana Baba Watatu

Juzi hapa Kisumu wajumbe wa nchi tatu walishinda asubuhi nzima wakinyoosheana vidole juu ya majitaka yanayomwagwa ziwani bila kusafishwa na kulinenepesha gugumaji. Mganda alisema uchafu unatoka Kenya. Mtanzania akaitaja Uganda. Mjumbe wetu, aliyetoka Nairobi, akaisingizia Mwanza, na sisi wenyeji tukampigia makofi.

Saa ya chakula tukanawa mikono, tukaletewa samaki, ngege wa kukaanga.

"Ngege mtamu hivi ni wa kwetu Entebbe," akasema Mganda huku akinyonya mfupa.

"Wapi! Huyu ni wa Mwanza kabisa," akajibu Mtanzania.

Diwani wa mtaa wetu wa Nyalenda, mama mnene mwenye sauti ya sokoni, akaacha kula.

"Sikieni, wazee wangu. Asubuhi uchafu ulikosa mwenyewe. Sasa samaki ana baba watatu! Mimi nasema huyu ngege ni wa Kisumu, na majitaka ya Kisumu ni yangu pia. Tukirudi ndani nitasema hivyo hivyo. Nani mwingine anataka samaki?"

Akainua mkono, mafuta yakimtiririka hadi kwenye kiwiko.

Kisha Mganda akainua wake, na Mtanzania akamfuata, mkia wa samaki ukiwa bado vidoleni. Wa mwisho alikuwa mjumbe wetu, ambaye aliupangusa mkono kwanza.

Watu husema sisi wa Kisumu tuna maringo. Ni kweli. Siku hiyo niliringia hata majitaka yetu, maana yalikuwa yamepata mwenyewe.