Vikapu Arobaini na Kimoja

Jirani yangu msusi wa vikapu hufundisha kwa video usukaji alioachiwa na bibi yake. Simu huining'iniza kwenye henga ya nguo, juu ya bega lake, ili mtazamaji aione mikono ile kana kwamba ni yake. Hulowesha vidole kikombeni, husema, “Hamjambo, wanangu,” kisha hunyamaza muda wa kutosha kuitikiwa. Mkwe wake humwambia hiyo ni video, hakuna wa kumjibu. “Wanaitikia hukohuko kwao,” husema, naye keshashika ukindu.

Juzi wanafunzi walimtumia picha za vikapu walivyosuka kwa kufuata somo lake: arobaini na kimoja, vyote vimepinda upande uleule. Mkwe aliona haya kumwonyesha. Msusi alipoziona, alikivuta kikapu chake cha somo, akapapasa mizunguko kwa kidole gumba mpaka akalipata kosa. Mzunguko wa tano, aliruka ukindu mmoja. Akacheka hadi akafuta machozi. “Watu nisiowajua, na hakuna hata mmoja aliyesuka kwa kubahatisha. Mkono wangu umefika hadi kwao.” Hapohapo akaitundika simu, akalowesha vidole. “Hamjambo, wanangu.” Akanyamaza, nami pale mlangoni nikajikuta nimeitikia. “Leo,” akasema, “tunafumua.”