Siku Mama Mkwe Alipokuja Kuniokoa Mtoni

Nianze na aibu yenyewe ili tumalizane nayo: steji nzima ya boda boda ya Amagoro imeniona uchi, pamoja na mwenyekiti wao ambaye ni mzee wa kanisa, na mpaka leo wakinipita barabarani wanapiga honi na kuniuliza, "Boss, uko salama?" Hiyo nimeizoea. Kuna kitu kingine cha siku hiyo ambacho sijakizoea, na sidhani nitakizoea, lakini najua mtacheka kabla sijafika hapo, kwa hivyo chekeni tu, siwakatazi.

Mnajua mimi na pikipiki. Kazi yangu ni kufuatilia makaratasi ya malori pale mpakani Malaba, kazi ya kungoja watu na kungoja mihuri, kwa hivyo nikipata nafasi napanda pikipiki yangu na kupotea. Mimi na rafiki yangu Omuse tulikuwa tumepanga safari ya Turkana, ndani kabisa, kule ambako simu inageuka kuwa tochi tu. Omuse akasema hatuondoki mpaka kila mtu awe na kifaa cha setilaiti. Ni kidude kidogo, unakifunga kwenye pikipiki, ukianguka mahali pasipo na mtu unabonyeza, habari inapanda juu kwa setilaiti halafu inashuka kwenye simu ya mtu wako pamoja na ramani ya mahali ulipo.

Sasa vidude hivi si sawa. Kuna kimoja kinatuma ujumbe na pia kinapokea, yaani mkeo anaweza kukuandikia ukiwa jangwani na wewe ukamjibu. Kingine kinatuma tu. Kina kitufe cha kusema niko salama na kitufe cha kuomba msaada, maneno unayaandika mapema ukiwa nyumbani, na ukishabonyeza hakuna mtu anaweza kukujibu. Omuse alinunua kile cha kupokea na akaniambia nami ninunue hicho hicho. "Mtu akiomba msaada lazima ajue kama amesikika," akasema, "na kama ni makosa, aseme ni makosa." Nikamwambia mimi nachukua cha kutuma tu. Nilimwambia ni mambo ya bei, lakini pesa nilikuwa nayo. Ukweli ni kwamba mke wangu, Ajiambo, ni mtu wa kuuliza. Umefika wapi, umekula, kuna mvua, umekula nini. Nilikuwa nimeona kichwani picha yangu mwenyewe nikiwa Turkana, jua linazama, nimesimama kishujaa kando ya pikipiki, halafu kidude kinalia, umekula? Nikasema hapana. Nataka kifaa ambacho hakiwezi kuniuliza niko wapi. (Na nilisema hivyo mbele ya watu kwenye hoteli ya chai, tena kwa sauti, na wakacheka, na mimi nikajiona mjanja sana.)

Ujumbe wa msaada niliuandika mwenyewe jioni moja, kwa raha zangu. Kwanza niliandika "Nina shida, njooni." Nikaona ni mwepesi, mtu anaweza kudhani nimeishiwa mafuta. Nikaongeza chumvi mpaka ukawa hivi: "Nimeanguka vibaya. Naumia sana na siwezi kuongea. Njooni haraka." Nikausoma tena nikaridhika. Namba niliyoweka ni ya Ajiambo.

Hapa inabidi niwaeleze habari ya mama mkwe. Yeye ni mkulima wa Khunyangu, mjane, na macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yote mawili, mpaka akawa anamjua mtu kwa sauti. Mtoto wetu wa kwanza, Nabwire, alizaliwa wakati macho yameshafunga, kwa hivyo bibi yake alimjua kwa mikono tu, anampapasa pua, anampapasa masikio, anacheka. Ajiambo alimbembeleza muda mrefu akubali kufanyiwa upasuaji. Mama alikuwa anaogopa kisu kuingia kwenye jicho kuliko anavyoogopa kitu chochote duniani. Halafu tukasikia madaktari wa macho wanakuja Amagoro kuwahudumia watu bure, na siku moja mama akasema ghafla tu, "Sawa, nitaenda. Nataka nione uso wa huyu mtoto." Ajiambo alilia kwa furaha. Mipango ikawa kwamba bandeji ikitolewa, Nabwire awe ndiye kitu cha kwanza bibi yake atakachoona.

Mimi je? Kwetu sisi Wateso, na kwao pia, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hamsalimiani kwa mikono, hamkai benchi moja, yeye hakuangalii usoni na wewe humwangalii, na akija na njia hii wewe unatafuta nyingine. Usiku wa kuamkia siku ya madaktari alilala kwa dada yake hapo Amagoro kwa sababu kwangu hawezi kulala. Kwa hivyo nilipomwambia Ajiambo kwamba siku hiyo nitaenda kujaribu kifaa changu, nilikuwa na sababu nzuri na ya heshima. "Si unajua siwezi kukaa na mama kwenye foleni," nilisema. Ajiambo akasema, "Si lazima ukae. Ungekuwa tu karibu." Nikasema nitawahi kurudi. Ningeweza kukaa chini ya mti ng'ambo ya barabara siku nzima, na desturi isingevunjika hata kidogo, lakini sikutaka.

Basi nikaenda. Niliteremka hadi mto Malaba, sehemu ya juu huko kabla haujafika mpakani, mahali ambapo ng'ombe huvuka. Nilizima simu ili jaribio liwe la kweli, kama Turkana, nikabonyeza kitufe cha niko salama, taa ya kijani ikaanza kumeta, nikafurahi. Halafu nikaingia na pikipiki kwenye maji. Sikuenda mbali. Gurudumu la mbele liliingia kwenye matope ya pembeni, pikipiki ikalala juu yangu taratibu, bila haraka yoyote, na kifaa kilikuwa kimefungwa kwenye usukani, kwa hivyo nacho kililala kwenye matope, kifuniko kikafunguka na kitu fulani, jiwe au goti langu, kikakaa juu ya kitufe cha pili. Mimi sikujua. Nilijitoa, nikahangaika na ile pikipiki mpaka ikatoka, na kifaa nilipokiangalia bado kilikuwa kinameta, nikasema, kumbe setilaiti ziko polepole hivi, bado kinatuma ile salama.

Nilikuwa na matope kuanzia kwenye nywele. Hakukuwa na mtu. Nikavua kila kitu, nikafua, nikaanika kwenye kichaka cha ng'ambo, nikarudi kwenye maji kuoga na kungoja nguo zikauke. Nakumbuka niliimba.

Nikiwa pale nikasikia honi nyingi zinakuja. Nikaona boda boda, msururu wa boda boda, wamefunga matawi ya miti kwenye pikipiki kama wanavyofunga wakisindikiza maiti, na nikajiambia, masikini, kuna mtu wa hapa amefariki. Nikanyamaza kuimba. Nikasimama kwenye maji kifuani, nikainamisha kichwa kwa heshima ya marehemu. (Naomba mnisikie vizuri: nilikuwa naomboleza msiba wangu mwenyewe.) Ndipo nikasikia sauti ya Ajiambo ikipiga kelele jina langu, nikainua macho, nikamwona akishuka kwenye pikipiki ya kwanza. Kwenye ya pili, amemshika kiuno mwenye boda, kuna mwanamke mzee ana kipande cha plasta juu ya jicho, pale ambapo daktari huweka alama ya jicho litakalopasuliwa. Mama mkwe.

Nikazama mpaka kidevuni.

"Yuko kwa maji," mtu akasema. "Ameanguka kwa maji."

"Niko salama," nikasema. "Rudini, niko salama."

"Walioumia wote husema hivyo," akasema mwenyekiti, akivua viatu. "Huyu amegonga kichwa. Tumshike kabla hajaenda na maji."

Wakaingia wanne au watano. Nikarudi nyuma kuelekea kwenye kina, na hapo ndipo nilipoharibu kila kitu, kwa sababu mtu anayekimbia waokoaji anaonekana ni mgonjwa kweli. Nilikuwa nawaambia kwa sauti ya chini, "Sina nguo, mama mkwe yuko hapo," na mmoja akawa anawaeleza wengine kwa huruma, "Ameanza kuongea vitu havieleweki." Wakanikamata mikono na miguu. Nilipigana nao, nawaambia ukweli, nilipiga mtu kofi, nao wakanibeba juu juu kama gunia la mahindi, wakanilaza kwenye majani mbele ya watu wote, na mbele yake yeye.

Ajiambo akafunika mdomo. Mama alikuwa amesogea, ameinama, mikono imetangulia mbele, matone waliyomtia machoni yalikuwa yanamtiririka pamoja na machozi, na akanishika kichwa. Mama mkwe wangu, ambaye hatujawahi hata kusalimiana kwa mkono, akanipapasa kichwa, uso, shingo, mabega, anauliza, "Damu iko wapi? Ameumia wapi?" Mikono yake ilifika kifuani, ikasimama, na nikaona akielewa. Akaitoa haraka kama aliyeshika sufuria ya moto, akageuka, akafungua leso kiunoni mwake na kunirushia bila kuangalia nyuma.

"Yuko mzima," akamwambia Ajiambo. "Hiyo tu ndio nilikuwa nataka kujua."

Baadaye Ajiambo alinieleza. Ujumbe wangu ulimkuta yuko na mama kwenye benchi la mwisho, wamebakisha watu wachache. Alipiga simu, mteja hapatikani. Alitaka kwenda peke yake na mama abaki, muuguzi pia akamwambia mama abaki, lakini mama akakataa. "Mtoto wa mwenzangu anakufa, na mimi nikae hapa natengenezwa macho?" Akashuka kwenye benchi. Kama kile kidude kingekuwa na masikio, Ajiambo angeuliza, uko wapi, na mimi ningejibu, naoga, na mama angebaki kwenye foleni.

Waliporudi Amagoro madaktari walikuwa wanafunga vifaa vyao kwenye gari. Muuguzi alimtoa mama ile plasta kwa upole na kumwambia watakuja tena siku nyingine.

Wazee wa kwetu waliposikia walisema lazima tutakaswe, mbuzi atoke kwangu. Wakatuma mtu kumuuliza mama aliona nini. Akajibu, "Waambieni sikuona kitu. Nilishika tu." Wazee wakakaa tena kujadili kama kushika ni afadhali au ni vibaya zaidi, na mwisho wakasema mbuzi atoke tu. Mbuzi akatoka. Hilo likaisha.

Lililobaki ni macho. Nimesema nitalipa hospitali yoyote, hapa au ng'ambo kule Uganda au Kisumu, popote anapotaka. Mama amekataa. Hana hasira na mimi, ningependelea awe nayo. Anasema ule moyo wa kukatwa jicho aliupata mara moja tu, na ukaisha siku ile njiani akidhani nimekufa. Na mimi siwezi kwenda kupiga magoti mbele yake nimwombe, kwa sababu ni mama mkwe. Kila neno langu linapitia kwa Ajiambo, na Ajiambo ameshachoka kulibeba. Turkana hatukwenda. Omuse hajawahi kuniambia "nilikuambia", na hiyo ndiyo adhabu aliyonipa.

Kwa hivyo kama kuna mtu hapa anatafuta kifaa cha setilaiti, asikilize kinyozi, asikilize fundi, lakini asinisikilize mimi wa zamani. Nunua kile kinachopokea. Andika maneno ya kweli, bila kuongeza chumvi. Na siku mtu wako anakwambia ungekuwa tu karibu, kuwa karibu. Mimi nimeapa sitaondoka tena siku ambayo nyumba yangu inanihitaji, hata kama kazi yangu ni kukaa ng'ambo ya barabara.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka Ajiambo na mtoto Khunyangu, nikabaki nje ya geti kama ilivyo desturi. Mama alikuwa amekaa kwenye veranda. Alimpakata Nabwire, akamgeuza kuelekea kwenye jua, akamsogeza karibu kabisa na macho yake, akamrudisha nyuma, akamsogeza tena.

"Anafanana na nani?" akauliza.

"Baba yake," Ajiambo akasema. "Kila kitu ni baba yake."

Mama akapitisha vidole kwenye uso wa mtoto, polepole, paji, pua, midomo.

"Hata huyo sikuwahi kumwangalia," akasema.

Nilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na sikuruhusiwa kuingia.