Punje nyeupe kwenye gunia la Jeki

Leo nimemsingizia jirani yetu mbele ya wateja wake.

Asubuhi nilikuta punje nyeupe kwenye gunia analolalia Jeki, mbwa wetu. Siku hizi anakula sana lakini anakonda.

Nikajua ni wali. Na anayeuza wali hapa mtaani ni Bi Zuhura.

Mimi ambaye hata shikamoo naitoa kwa sauti ya chini, leo nikapata ujasiri.

"Bi Zuhura, naomba usimtupie Jeki makombo. Yanamdhuru."

Akaacha kupakua. "Mwanangu, mbwa wenu nikimwona navuka barabara. Nimlishe saa ngapi?"

Wateja wakacheka.

"Haya, nionyeshe huo wali."

Akaja uani, akasimama mbali, kanga ameikusanya. Nikainama niokote punje moja.

Ikajikunja.

"Wali wangu hautembei," akasema.

Daktari wa mifugo ametuambia ni vipande vya tegu, mnyoo wa tumboni. Mbwa humpata kwa kumeza viroboto. Jeki ameshapewa dawa.

Bi Zuhura nimemwomba radhi palepale uani, tukiwa wawili tu.

Lakini nilimsema mbele za watu. Kesho inabidi nirudie kumwomba radhi, mbele za watu.

Nyie mngeanzaje?